Visima vya Muanda vinachoka, Lubumbashi inazidi kuagiza: esanse yetu inatoka wapi?

#1 MwanaKatuba (mwanzilishi wa uzi)

Jambo sana ndugu wote.

Kila esanse (petroli ya magari) inapoadimika hapa mjini na ba-Kadhafi, wauza esanse wa mitaani, wakajipanga kando ya barabara na bidon zao, nasikia swali lile lile: "Lakini Kongo si tuna petroli yetu?" Tunayo. Ila haifiki kwenye stasio zetu, na inapungua wakati matumizi yetu yanapanda. Naomba tulizungumze jambo hili kwa hesabu, maana hasira peke yake haijawahi kujaza tangi.

Tuanzie Muanda, kule Kongo Central. Mafuta ya baharini yalianza kutoka mwaka 1975. Katika miaka ya 1980 uchimbaji ulipita mapipa 30,000 kwa siku. Baadaye ukashuka hadi kuzunguka 25,000, na tangu hapo unateleza taratibu. Perenco, inayovichimba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kampuni iliyojijengea jina duniani kwa kununua visima ambavyo wakubwa wameshavinyonya na kuviacha. Hiyo peke yake inakwambia visima vyetu vina umri gani.

Pipa moja ni lita 159. Mapipa 25,000 ni kama lita milioni 4 za mafuta ghafi kwa siku. Nchi ina watu zaidi ya milioni 100. Gawanya: kila Mkongo anapata pungufu ya vijiko vitatu vya mezani kwa siku, tena vya mafuta ghafi ambayo hayawezi kuwasha hata pikipiki. Ndiyo petroli yote tunayojivunia.

Halafu hata vijiko hivyo hatuvisafishi wenyewe. Pale Muanda kulijengwa kiwanda, SOCIR, cha ubia wa Kongo na Waitalia, mwishoni mwa miaka ya 1960, yaani kabla mafuta yetu ya baharini hayajaanza kutoka. Kilitengenezwa kwa mafuta mepesi ya kuagizwa nje. Yetu yalipopatikana yakawa mazito, hayakifai. Kwa hiyo mafuta ya Kongo yakawa yanapakiwa melini kwenda nje, na ya wengine yanashushwa ili yasafishwe. Mwishowe kiwanda kikaacha kusafisha kabisa. Leo kila lita ya esanse na ya mazutu (dizeli) tunayochoma inaingia nchini ikiwa imeshasafishwa kwa watu.

Sasa sisi wa kusini. Magharibi wanapokea kwa Matadi. Goma na Bukavu wanaangalia Mombasa na Dar es Salaam. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunategemea Dar, Beira na Durban, kisha Zambia, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Tazameni yaliyotokea kwenye njia hizo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Dar kiliacha kazi hiyo takriban mwaka 2000. Cha Mombasa kilifungwa 2013. Cha Ndola, Indeni, kilichofunguliwa 1973, kilisimama mwishoni mwa 2021. Durban walikuwa na viwili vikubwa: kimoja kiliungua Desemba 2020 na hakikurudi, cha pili kilisimamishwa 2022. Milango yote tunayoitegemea sasa ni mahali pa kushushia tu, si pa kusafishia. Mafuta yenyewe sasa yanatoka mbali zaidi, Ghuba ya Uajemi na India kwa sehemu kubwa. Meli ikichelewa huko, sisi ndio tulio mwisho wa mstari.

Hili linaniumiza kuliko lile la Muanda, na halizungumzwi.

#2 Etudiant_Kassapa

Aksanti yaya. Swali la mwanafunzi: kwa nini kisima kinapungua wakati mafuta bado yapo chini? Si waongeze mashine za kuvuta?

#3 MwanaKatuba

Swali zuri, mdogo wangu. Mafuta hayakai chini kwenye ziwa. Yamo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, yamebanwa pamoja na gesi na maji. Mwanzoni shinikizo ndilo linaloyasukuma juu yenyewe, kama chupa ya bia iliyotikiswa inapofunguliwa. Kadiri unavyotoa, shinikizo linashuka. Ndipo unaweka pampu, unasukuma maji chini ili yasukume mafuta. Yanatoka, lakini mwaka baada ya mwaka unapandisha maji mengi na mafuta machache, mpaka gharama ya kuyatenganisha inafika kwenye thamani ya pipa lenyewe. Kisima kinaachwa kikiwa bado kina mafuta. Mashine inapunguza kasi ya kushuka. Kukizuia kisichoke haiwezi.

Hili si la Kongo. Mwaka 1956 mwanajiolojia wa Shell, M. King Hubbert, aliwaambia Wamarekani kwamba uchimbaji wao ungefika kilele karibu na mwaka 1970. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1970 ukafika kilele, mapipa milioni 9.6 kwa siku, ukaanza kushuka. Kufikia 2005 Marekani ilikuwa inaagiza karibu asilimia 60 ya mafuta yake. Meksiko nao walikuwa na eneo la Cantarell, baharini: mwaka 2004 lilitoa mapipa zaidi ya milioni 2 kwa siku, na haikupita miaka kumi likawa limeshuka chini ya robo yake. Uingereza, Bahari ya Kaskazini: kilele 1999, na miaka michache baadaye wakarudi kuwa waagizaji.

Najua mtu atasema Marekani walipanda tena. Kweli, wamepita milioni 13, kwa kupasua miamba migumu. Lakini visima vya aina hiyo huporomoka sana ndani ya mwaka wa kwanza tu, kwa hiyo lazima utoboe vipya bila kupumzika. Inataka maelfu ya mashine, mabenki yasiyoogopa, barabara mpaka kwenye kila kisima. Tuna kipi kati ya hivyo?

#4 Siterni_ya_Kasumba

Yaya, aksanti kwa kufungula hii mazungumzo. Mi niko dereva wa siterni, ile kamiyo (lori) ya kubeba mafuta, naendaka Dar na kurudia. Batu banawazaka bei ya esanse inapandishwa na mwenye stasio. Habayue kama esanse inakulaka esanse ingine mu njia.

Siterni moja inabebaka kama lita 40,000. Kutoka Dar mpaka hapa ni karibu kilomita 2,000. Kamiyo yenye kujaa inakulaka lita 40 mpaka 50 kwa kila kilomita 100. Kurudia iko mutupu, inakula kidogo, lakini inakula. Ukifanya hesabu ya kwenda na kurudia, inapita lita 1,500 njo kusudi ulete zile 40,000. Na hapo sijaweka pneu, sijaweka taxe za njia, sijaweka mulongo (foleni) wa Tunduma na Nakonde pa mupaka wa Tanzania na Zambia, na mulongo wa Kasumbalesa wenye unalala ndani ya kamiyo na moteri iko naunguluma juu ya joto.

Kama daraja moja inavunjika mu Zambia, ao ba duane (batu ba forodha) banafanya grevi (mgomo), Lubumbashi inasikia kisha siku kidogo. Sisi ba dereva tunajua mbele ya ministre.

#5 Mukongomani_Halisi

Ndugu mwanzilishi, naheshimu hesabu zako lakini nakataa mwisho unaotupeleka. Unaongea kana kwamba Mungu alitupa Muanda peke yake. Uganda waligundua mafuta Ziwa Albert mwaka 2006. Nusu ya ziwa lile ni letu! Kuna Cuvette Centrale, kuna Ziwa Tanganyika. Mwaka 2022 serikali ilitangaza vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, na Oktoba 2024 ikafuta mnada wa vile 27 vya mafuta. Mwaka 2025 wametangaza vingine 52. Wazungu walichimba kwao mpaka wakachoka, sasa wanatuambia tulinde miti. Angola hapo jirani wamejenga nchi kwa petroli. Tuchimbe. Uagizaji utakwisha.

#6 MwanaKatuba

Mukongomani, aksanti kwa kusema wazi. Uchungu wako ninao pia, na sikatai Kongo kuchimba. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kuchimba ndiko kutakomesha uagizaji wa Lubumbashi.

Umeitaja Angola. Karibu na mwaka 2008 walikaribia mapipa milioni 2 kwa siku. Leo wako kuzunguka milioni 1. Visima vyao vya bahari ya kina kirefu vimechoka haraka kuliko walivyopata vipya, na mwanzoni mwa 2024 wakatoka OPEC, chama cha nchi zinazouza mafuta, baada ya kugombana juu ya kiwango walichopangiwa. Katika miaka yote hiyo ya utajiri, sehemu kubwa ya esanse na mazutu yao iliagizwa kutoka nje, maana walikuwa na kiwanda kimoja tu cha Luanda, cha tangu ukoloni, kisichotosha. Cha Cabinda wamekizindua 2025. Nusu karne ya kuuza ghafi na kununua safi! Nigeria hivyo hivyo, mpaka Dangote alipowasha kiwanda chake cha mapipa 650,000 mwaka 2024.

Au tazama Indonesia. Waliingia OPEC mwaka 1962, wakachimba zaidi ya milioni 1.5 kwa siku enzi zao. Visima vikazeeka, watu wakaongezeka, pikipiki zikajaa mijini, bei ikashikiliwa chini na serikali. Karibu na mwaka 2004 mistari miwili ikakatana: kinachotoka ardhini kikawa kidogo kuliko kinachochomwa. Mwanzoni mwa 2009 wakajitoa OPEC, maana nchi inayonunua mafuta inakaaje kwenye chama cha wauzaji? Kilichowabana hakikuwa uzee wa visima peke yake. Matumizi yalikuwa yanapanda upande wa pili, na hakuna aliyeyashika.

Sasa Ziwa Albert. Waganda waligundua 2006, na mwaka 2016 ndipo wakachagua njia ya bomba la kilomita 1,443 kwenda Tanga, bomba lenye kupashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta yao yana nta na huganda. Upande wetu hakuna bomba, hakuna reli, na usalama wa Ituri unaujua. Tukiyapata leo, yatakwenda baharini kuuzwa ghafi kama ya Muanda. Kati ya Bunia na Lubumbashi hakuna hata barabara ya kupitisha siterni moja bila kuzunguka nchi za watu. Cuvette Centrale ndiyo mbaya zaidi: ni kinamasi cha mboji ambayo, pamoja na upande wa Brazzaville, imehifadhi kaboni tani bilioni 30. Ukiikausha hiyo, mvua za watoto wetu umezigusa.

Kwa hiyo nauliza tofauti: nani anayachoma mafuta haya hapa kusini, na kwa nini anayachoma?

Nchi ilitoa tani zaidi ya milioni 3 za shaba mwaka 2024, karibu zote hapa kwetu, Haut-Katanga na Lualaba. Shaba hiyo inatoka kwa kamiyo. Salfa ya kuisafishia inaingia kwa kamiyo. Mashine za migodini zinakula mazutu. Na umeme ukikosekana, migodi inawasha grupu (jenereta) kubwa kubwa usiku na mchana. Hapo ndipo utegemezi wetu unapozaliwa kila siku, mbele ya macho yetu. Visima vya Muanda vingeweza kutoa mara mbili kesho na hali hiyo isisogee.

#7 Mama_Tomsoni

Nisameheni, mimi sijasoma petroli. Nauza samaki wa baridi soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na nimewafuata kwa sababu mmetaja grupu.

Umeme unakatika, friza zinaanza kulia maji. Tomsoni, ndiyo samaki ninaouza, haingoji. Unamtuma mtoto na bidon. Stasio hakuna, anaenda kwa Kadhafi, bei anayotajiwa asubuhi siyo ya jioni, na siku nyingine imechanganywa na kitu, grupu inakohoa. Mwezi ukiisha nikipiga hesabu, esanse imekula kuliko kodi ya banda. Na siwezi kupandisha samaki, wateja wangu ni watu kama mimi.

Kwa hiyo mkisema kuagiza mafuta, mjue kwamba mimi nayanunua kwa sababu ya umeme. Mnipe umeme wa kuaminika, hiyo grupu naiuza kesho, hata kwa hasara.

#8 MwanaKatuba

Mama, umesema kwa aya tatu nilichokuwa natafuta tangu mwanzo. Heshima sana.

#9 Muzee_wa_Reli

Vijana, salamu kutoka Kamalondo. Nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu. Wengi wenu hamkuona, kwa hiyo nawaeleza.

Reli ya Katanga ilianza kuwekewa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1950, kipande cha Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, hadi Tenke. Nyaya zikaongezwa mpaka mamia ya kilomita. Wakati huo Ulaya kwenyewe sehemu nyingi walikuwa bado na makaa ya mawe! Umeme ulitoka kwenye mito yetu. Mwadingusha, kwenye Lufira, umefanya kazi tangu 1930. Kisha Koni, Nzilo, N'Seke. Shaba ilisafiri juu ya maji ya Katanga, bila tone la mazutu kutoka ng'ambo.

Leo nyaya zimekatwa na kuibwa, vichwa vya treni vimekufa, na shaba ile ile iko barabarani kwenye maelfu ya kamiyo. Hatukuwa na utegemezi huu. Tumeujenga kwa mikono yetu, kwa kuiacha reli ife.

Na jambo lingine la kihistoria. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyopita kusini. Mwanzoni mwa 1966 ndege za Marekani zilibeba mapipa ya mafuta kutoka Léopoldville (Kinshasa) hadi hapa Élisabethville (Lubumbashi) ili yavuke kwenda Zambia. Uwanja wetu ndio uliowasaidia kupumua! Lakini Wazambia hawakusahau walivyonyongwa. Kufikia 1968 wao na Tanzania walikuwa na bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola. Walilijenga kwa miaka miwili hivi, kwa sababu waliogopa. Sisi tumekosa esanse mara ngapi, na hofu yetu imejenga nini?

#10 Siterni_ya_Kasumba

Papa, hiyo TAZAMA niko naiona pa Ndola. Sasa habapitishe tena mafuta mabichi. Tangu 2023 banapitisha mazutu yenye kusafishwa. Ni karibu na sisi, ni mwendo wa siku moja tu kama mupaka haujafungana.

#11 Dilolo_Express

Naongeza la upande wa magharibi. Huku mpakani na Angola tulizoea mafuta ya magendo, maana kwao serikali ilikuwa inalipia sehemu kubwa ya bei. Juni 2023 esanse yao ilipanda kwa lita kutoka 160 hadi 300 kwa pesa yao, kwanza, na mazutu nayo ikafuata kupandishwa, mpaka Julai 2025 Luanda ikawaka maandamano. Faida ya magendo inakauka. Miji ya mpakani iliyokuwa inaishi kwa bidon za Angola nayo inaanza kuutazama mlango wa Kasumbalesa. Mahitaji ya huko kwenu yatazidi.

#12 MwanaKatuba

Muzee, aksanti. Dereva, Dilolo, aksanti. Mambo yanaungana.

Maoni yangu, na mnisahihishe kwa hoja. Kwanza ni akiba. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, nchi tajiri ziliunda Shirika la Kimataifa la Nishati mwaka 1974, na wanachama wake wanaoagiza mafuta hutakiwa kuweka akiba ya siku 90. Sisi hatuhitaji 90. Matangi ya mwezi mmoja hapa Lubumbashi, yenye mafuta kweli na yanayokaguliwa hadharani, yangemnyang'anya Kadhafi ile bei ya jioni anayoilalamikia Mama. Sasa hivi, kama dereva alivyosema, daraja moja likivunjika Zambia tunasikia ndani ya siku chache. Mji wa mamilioni ya watu, wenye migodi inayolisha dunia shaba na kobalti!

Pili, Ndola. Wazambia watajihudumia kwanza, ni haki yao. Lakini mkataba wa muda mrefu wa kununua mazutu pale, na hata kurefusha bomba mpaka kwetu, ni kitu cha kujadiliwa na serikali mbili. Lita 1,500 ambazo siterni moja inazichoma njiani si jambo dogo ukizizidisha kwa siterni zote za mwaka mzima.

Lakini kubwa kwangu ni aliloanza Mama na akalikamilisha Muzee. Umeme na reli. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, ilikamilika 1982 ili ilishe migodi. Leo haitoshi, na mwaka 2024 ukame ulipokausha mabwawa ya Zambia, hata umeme tuliokuwa tunanunua kwao ukayumba. Kila megawati inayokosekana hapa inageuka kuwa siterni ya mazutu kule Tunduma. Reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, inazungumzwa sana siku hizi kwa ajili ya shaba. Mimi naomba tuizungumze pia kwa ajili ya mazutu itakayookoa, na nyaya za Muzee zirudishwe pale zilipokuwa.

Mukongomani, vitalu vyako 52 vikitoa mafuta siku moja, nitafurahi pamoja nawe. Ila Mama hawezi kungoja miaka 20 na tomsoni inayeyuka.

#13 Mukongomani_Halisi

Habari ya Indonesia sikuijua. Bado nasema tuchimbe, lakini kiwanda cha kusafisha kije kwanza kwenye mkataba, kabla ya kisima. Bila hicho, wasitie saini.

#14 Etudiant_Kassapa

Yaya, nataka kuandikia travail yangu ya mwisho wa mwaka juu ya hili. Nianzie wapi?

#15 MwanaKatuba

Anza na muundo wa bei, ule unaotolewa na Wizara ya Uchumi wa Taifa. Una mistari mingi: bei ya mafuta bandarini, usafiri, ghala, kodi, faida ya muuzaji. Chukua wa kanda ya kusini na wa kanda ya magharibi wa kipindi kimoja, uiweke sambamba, mstari kwa mstari. Utaona usafiri wetu unavyotofautiana na wa Kinshasa. Angalia pia serikali inavyobaki na deni kwa makampuni ya mafuta kila inaposhikilia bei chini ya gharama, kwa sababu deni hilo likichelewa kulipwa, waagizaji hupunguza mzigo na esanse inapotea mjini.

Kisha nenda Kasumbalesa ukaongee na madereva. Ndugu yetu wa siterni, ukiwa umerudi, unaweza kumpokea kijana huyu?

#16 Siterni_ya_Kasumba

Akuye. Niko napakia Dar wiki hii, nikifika pa mupaka nitaandika hapa. Alete kaye na maji ya kunywa, mulongo iko murefu.